Vuta Kama Unamchukia

Siku ya nne tangu Bi Kufuli aanze kazi kwetu, Nyundo alimpiga ngumi ya taya mbele ya mafundi kumi na mmoja, na hakuna aliyenyanyua hata bisibisi kumtetea. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi, karani wa stoo, nimesimama kwenye dirisha langu la kutolea vifaa. Niliona kichwa chake kikigeuka upande, mgongo ukagonga tairi, na mate yenye damu yakadondoka juu ya rangi ya njano aliyokuwa ametoka kuipaka sakafuni. Hakuanguka. Alijifuta kwa mkono wa ovaroli, akaokota brashi, akaendelea na mstari wake pale alipoishia.

Kosa lake lilikuwa mstari wenyewe. Karakana yetu ilihudumia mitambo ya machimbo ya mawe, na kwa miaka yote ilikuwa ya dizeli: moshi, grisi, matambara yaliyoloa mafuta, na kelele kiasi kwamba mtu akikuita ilibidi akushike bega. Kisha kampuni ikaagiza vijiko vitatu vya betri, yale matingatinga makubwa ya kuchota mawe, lakini haya hayanywi tone la mafuta. Mwanamke huyu alitumwa mapema kuandaa sehemu ya kuvitengenezea kabla havijafika. Alikuwa fundi umeme, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mwashi. Alichagua kona kavu kuliko zote, akataka mitungi ya gesi ya kuchomelea iondolewe, akatandika mikeka ya mpira, akafunga mnyororo kuizunguka, na akachora mstari ambao mtu asiyefundishwa hangeruhusiwa kuuvuka. Kona hiyo ndipo Nyundo alipoegesha pikipiki yake kwa miaka kumi na tisa.

Nyundo alikuwa msimamizi wa karakana. Jina hilo hakupewa kwa ajili ya kifaa. Mimi mwenyewe alishawahi kunipasua paji la uso kwa kopo la grisi, kosa langu ni kumpa spana ya namba kumi na saba badala ya kumi na tisa. Fundi breki alipoteza jino kwa ngumi yake na akalazimika kuomba radhi kwa kulitema karibu na viatu vyake. Lakini nisimsingizie, mtu yule alijua kazi. Aliweka sikio kwenye bomba la injini akakwambia ni silinda ya ngapi inayougua, na hakukosea. Dada yake alipofariki alimchukua mwanawe mdogo, akamlea na kumfundisha ufundi. Huyo mpwa tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Siku zile alikuwa na miaka thelathini, ana mke, na bado mjomba wake alimzaba kofi mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Mkono uliomlisha ndio uliomchapa, na Kijiti hakuwahi kujifunza kutenganisha ule wa kulisha na ule wa kuchapa.

Basi baada ya ile ngumi Bi Kufuli alikwenda kwa meneja. Meneja alimwambia kwamba Nyundo ni mtu wa zamani na ana hasira za karibu, wamalizane wenyewe kiutu uzima. Jioni alirudi nyumbani taya limevimba kama ameficha ndimu shavuni. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mpole, mtu wa kumwomba mbu radhi kabla ya kumuua. Asubuhi iliyofuata mpole huyo alifika getini kwetu na mkasi wake wa kukatia suti, anataka aonyeshwe Nyundo ni yupi. Walinzi wawili walimshika, wakamnyang'anya mkasi, na mmoja akampiga rungu la goti alipozidi kujitutumua. Alirudi anachechemea. Wiki ile alishona mifuko kumi na miwili ya turubai kwa ajili ya kuhifadhia glavu za mpira, mmoja kwa kila fundi na wa kumi na mbili wa mkewe, maana ndicho alichoweza kufanya.

Jina la Bi Kufuli lilitokana na makufuli mekundu. Kila fundi alipewa la kwake lenye ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikaa shingoni mwake mwenyewe. Kabla ya kufungua mtambo unazima swichi kuu ubavuni, unaipiga kufuli lako, unasubiri dakika kumi umeme uliobaki ndani ufe, ndipo unavaa glavu na kupima kwa mita. Mkiwa watu watatu, ni makufuli matatu. Hakuna anayefungua la mwenzake, awe meneja, awe nani. Mafundi walicheka sana. Mmoja alisema mama huyu tukimwachia atakifunga hata choo, na ukibanwa usubiri dakika kumi. Yeye alicheka nao, kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu ule mwingine ulikuwa haujapona, kisha akarudia somo lote kutoka mwanzo.

Alitufundisha kupuliza glavu kama puto na kuziweka sikioni kusikiliza kama kuna tundu. Alitufundisha na ndoano. Hiyo ilikuwa fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ncha iliyopinda kama ya mchungaji, ya kumtolea mtu aliyenaswa. Alijaza gunia mchanga wa uzito wa mwanaume, akalivisha ovaroli, akatuamuru tulivute kutoka kwenye mtambo mmoja mmoja. Tulilivuta kwa adabu kama tunamwamsha mgonjwa. Akasimamisha zoezi.

"Umeme ukikushika haukuachii kwa kubembelezwa," alisema. "Ukimwona mwenzako amenasa, usimwonee huruma. Vuta kama unamchukia. Mvunje mbavu ukibidi, mbavu zinaunga."

Kijiti alivuta gunia likapasuka, mchanga ukamwagika hadi mlangoni. Alikuwa mwanafunzi wake bora. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumfundisha kitu bila kumgusa kisogo.

Hapo ndipo chuki ya Nyundo ilipopata mzizi. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya pikipiki. Sasa chuki ilikuwa ya kunyang'anywa mpwa wake. Aliiba mikeka ya mpira akaitupa kwenye shimo la mafuta machafu. Alimpiga Kijiti teke la tumbo, nyuma ya kompresa, kwa kuvaa kufuli kiunoni "kama mbwa wa watu". Kisha siku moja alikuja moja kwa moja kwa Bi Kufuli, akashika mnyororo autoe ukutani. Bi Kufuli alikuwa na ile ndoano mkononi. Aliizungusha, akamkaba nayo kooni, akamsukuma hadi kwenye nguzo ya zege na kumbana pale, vidole vya miguu vya Nyundo vikitafuta sakafu.

"Mimi nimelelewa na mwanaume kama wewe," alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilimzika bado ana deni langu. Ukivuka tena, nitakulipisha wewe."

Alimshikilia pale kuliko ilivyohitajika. Tuliona uso wa Nyundo ukibadilika rangi, na hakuna kati yetu aliyesema mwachie. Mwishowe alimwachia. Baadaye Bi Kufuli alikuja stoo kuchukua tepu, akakaa juu ya kreti, mikono imelala mapajani. Akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Baba yake alikuwa akimpiga mama yake kila wiki kwa mkanda, na yeye aliapa tangu mdogo kwamba mkono wake hautafanana na ule. "Na leo nilipombana," alisema, "nilisikia raha. Raha ya kweli. Sijui niiweke wapi." Nilimpa tepu.

Vijiko vilifika, vikaanza kazi, na kwa miezi miwili mambo yakaenda. Nyundo alibaki na mitambo ya dizeli upande wake, sisi upande wetu, kama nyumba ya wake wenza.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, saa nne asubuhi. Kijiko kimoja kililetwa karakana kwa sababu kebo yake nene ilikuwa imelegea na kuanza kuchemka. Bi Kufuli na Kijiti walizima swichi kuu, wakaipiga makufuli mawili mekundu, la huyu na la yule, wakasubiri, wakapima, wakakuta hakuna umeme. Kijiti alivua glavu nzito ili vidole vishike nati ndogo, jambo ambalo lilikuwa halali maana mtambo ulishakufa. Alijiingiza ubavu wa kulia hadi kiunoni. Swichi ilikuwa ubavu wa kushoto. Bi Kufuli alitoka nje kidogo kuchukua kebo mpya kwenye gari.

Wakati huohuo redio ya Nyundo ilikuwa inamtukana. Mashine ya kusaga mawe imekosa mawe, kijiko cha pili kimezama kwenye tope, na meneja alikuwa anataka hiki cha karakana kitoke sasa hivi. Nyundo alizunguka upande wa kushoto akaona makufuli mawili. Hakumwona mtu. Hakuuliza. Alikuja dirishani kwangu akagonga kwa kiganja.

Aliniambia nimpe diski ya kukatia chuma.

Mimi nilijua. Ndiyo maana nalisimulia hili, kwa sababu nimechoka kulimeza. Sikujua kwamba Kijiti yumo ndani, lakini nilijua ile diski inakwenda kukata nini, kwa sababu nilimwona alikotoka na anakotazama. Nilikumbuka kopo la grisi. Nikaandika kwenye daftari, diski moja, nikampa.

Mlio wa grenda, ile mashine ya mkononi inayozungusha diski, ulisikika karakana nzima na haukumshtua yeyote. Kwetu grenda hulia kutwa, kama kuku. Kijiti mwenyewe lazima aliusikia akadhani ni mtu anakata bomba. Kufuli la kwanza likaanguka, la pili likaanguka, na Nyundo akazungusha swichi.

Mwanga ulikuwa mweupe, mweupe kuliko wa kuchomelea, na ukafuatwa na mpasuko kama bati linalopasuliwa na mtu mwenye hasira. Kioo cha dirisha langu kilipasuka. Nilipofumbua macho niliona miguu ya Kijiti ikitoka ubavuni mwa kijiko, imekakamaa, visigino vinapiga sakafu vyenyewe. Mkono mmoja umeshika spana na spana imeshika chuma, na havikuachiana. Kulikuwa na harufu ambayo sitaieleza.

Fundi breki alikimbia kumshika miguu. Bi Kufuli alikuwa ameingia, akampiga kikumbo cha bega kilichomlaza chini, la sivyo tungekuwa na wawili. Alinyakua ndoano ukutani, akaipitisha chini ya kwapa la Kijiti, akakanyaga tairi kwa mguu mmoja na kuvuta. Tulisikia mfupa wa bega ukilia. Alivuta tena, kwa uso ambao sijauona kwa binadamu kabla wala baada, meno yote nje. Kijiti alitoka kama kisiki, akagonga sakafu kwa kichwa, shati linafuka moshi.

Hakuwa anapumua. Bi Kufuli alipiga magoti akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono yote miwili, anahesabu kwa sauti, na kila alipofika thelathini alimpulizia mdomoni. Alituamuru maji safi, blanketi, na mtu wa kuzima swichi kwa fimbo. Nyundo alikuwa bado amesimama upande wa pili, grenda mkononi. Alipozunguka mtambo na kuona ni nani aliyelala pale, alitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyekabwa na chakula.

Ndipo karakana ilipomgeukia.

Sijui nani alianza. Nadhani ni fundi breki, aliyenyanyuka pale chini na spana ndefu. Pigo la kwanza lilimpata Nyundo kwenye kiwiko, grenda ikaanguka. La pili lilimpata usoni. Baada ya hapo ilikuwa mvua. Watu kumi na mmoja, miaka kumi na tisa. Walimpiga kwa mabomba, kwa mnyororo wa winchi, kwa buti zenye chuma puani. Hakujitetea. Alikuwa anajaribu kutambaa kuelekea kwa Kijiti, na kila alipotambaa hatua moja walimrudisha kwa teke. Hata mimi nilitoka stoo. Niliokota kipande cha bomba, nikampiga mara moja mgongoni, nikasikia mbavu zikiitikia. Sikumpiga kwa ajili ya Kijiti. Nilimpiga ili nami nionekane kati ya waliokosewa.

Nyuma yetu hesabu iliendelea. Ishirini na nane, ishirini na tisa. Kisha ikakoma, na tukasikia Kijiti anakohoa.

Bi Kufuli alimwachia mmoja wa mafundi amshikilie Kijiti kichwa, akainuka na ile ndoano. Hakutuomba. Alimpiga fundi breki kwenye kifundo cha mkono, spana ikaruka. Alimpiga mwingine kwenye goti. Alipita katikati yetu kama mtu anayefyeka majani, akamshika Nyundo ukosi wa shati, akamburuta hadi kwenye kizimba cha waya tunamotunza zana, akamtupa ndani na kufunga mlango kwa kufuli lake la akiba. Kisha akakaa mbele ya mlango, chini, miguu imenyooka, damu ya watu wawili kwenye ovaroli.

Fundi breki alimwambia aondoke, hawana ugomvi naye. Alisema huyo ni muuaji na kila mtu ameona.

"Yule pale anapumua," Bi Kufuli alijibu. "Na huyu atapumua. Mkitaka maiti leo, anzeni na mimi, ila mjue wa kwanza kunigusa tunazikwa pamoja."

Tulikuwa kumi na yeye alikuwa mmoja, amechoka, ana taya lililokwisha kuumizwa na huyohuyo aliyekuwa anamlinda. Lakini hakuna aliyesogea. Nilitua bomba langu taratibu lisilie. Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini kufika. Nyuma ya waya Nyundo alikuwa anauliza, kwa mdomo uliojaa damu, kama kijana amefumbua macho.

Kijiti aliishi. Walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia, wakamtoa ngozi ya paja kuiweka mkononi, na bega lililovunjwa na ndoano liliunga vibaya kidogo. Hospitalini alimwambia Bi Kufuli kwamba katika maumivu yake yote, lile la bega ndilo linalomsumbua zaidi. Bi Kufuli alisema anaomba radhi. Kijiti akacheka mpaka muuguzi akaja.

Wachunguzi walipokuja waliuliza diski ilitoka wapi. Niliwapa daftari na nikawaambia kila kitu, hata kile ambacho hakikuandikwa. Jioni hiyo nilimfuata Bi Kufuli nikamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanizaba kofi. Lilikuwa moja tu, la kiganja kizima, na nililisikia kwa siku mbili. Alitazama kiganja chake kama amekikuta mkononi mwa mtu mwingine.

"Kofi lile lilikuwa la hasira zangu, si la kosa lako," akasema. "Unisamehe. Lakini kesho uje kona yangu saa moja. Kukataa nako ni ufundi, kunafundishwa."

Nilikwenda. Alinisimamisha mbele ya mafundi, akawaambia wanidai vifaa kwa matusi na vitisho, na mimi nikatae. Siku ya kwanza nilitokwa na jasho kama niliyebebeshwa saruji. Baada ya wiki mbili niliweza kusema "hapana, Mzee" bila sauti kukatika. Mafundi nao walilazimika kuzoea, na mmoja wao hadi leo huniita Waziri wa Hapana.

Meneja alihamishwa, ambalo ndilo neno la heshima walilolitumia. Nyundo alipona majeraha, akashitakiwa, akafungwa miaka mitatu. Mahakamani Kijiti alisimama na mkono wake uliofungwa bandeji. Aliulizwa kama mjomba wake alikusudia kumdhuru. Alisema hapana, mjomba hakujua kwamba yumo. Akaongeza kwamba mjomba hakuuliza pia, na katika maisha yake yote hajawahi kumsikia akiuliza. Nyundo aliinamisha kichwa kizimbani. Sisi aliotupiga hatukuwahi kumwona akiinamisha kichwa, na nilidhani ningefurahi.

Sisi tuliompiga Nyundo hatukushitakiwa. Polisi waliandika kwamba alijeruhiwa katika mtafaruku. Bi Kufuli aliulizwa alichokiona, akasema alikuwa amegeuka, anakandamiza kifua cha mtu. Ilikuwa kweli nusu yake. Alituambia mara moja tu kwamba nusu ya pili tuibebe wenyewe, na hakulirudia.

Sasa karakana ile ina vijiko saba vya betri, na Kijiti ndiye mkufunzi msaidizi. Wageni wakija anawaonyesha mkono kwanza, halafu mita. Kila Jumamosi anakwenda gerezani na kikapu cha chakula. Mkewe alikasirika mwanzoni, na sasa ndiye anayepika. Watu wengi wamemuuliza wanaongea nini kule, yeye na mjomba aliyemtoa vidole, na huwa anageuza mazungumzo. Bi Kufuli peke yake ndiye aliyejibiwa. Nilikuwepo, nahesabu glavu.

"Injini za dizeli, Mama," Kijiti alisema. "Hana kingine anachokijua. Ananiuliza zile za kwetu zinaendeleaje, namwambia."

"Anakuuliza?"

"Siku hizi anauliza."

Bi Kufuli alisugua taya, ambalo bado hugonga akitafuna. Hakumtuma salamu, na sidhani kama atawahi kumtuma. Aliuliza tu kama askari wa gereza wanamfikishia chakula chote au wanakula njiani, na Kijiti alipojibu kwamba kinafika, akaitikia kwa kichwa na kwenda kupokea kijiko kilichokuwa kinaingia.